Bunduki imeshuka darini Amu (Lamu), ina taji na V.R. – ni ya vita vya Witu kweli ama chuma chakavu?

#1 MtotoWaMkomani
Salaam alaykum wadau. Twatengeneza nyumba ya marehemu babu huku Amu, boriti za dari ya juu zimekwisha kwa mchwa, juzi fundi kavuta moja pakashuka kitu kirefu kimeviringwa mkeka na gunia. Kufungua, bunduki! Chini ya triga ina mkono wa chuma, ukiuvuta kule juu pafunguka. Ubavu wa kulia kuna taji, chini ya taji V.R., chini yake ENFIELD, kisha mwaka. Huo mwaka ndio mashaka: 1 ya mwanzo yaonekana, 2 ya mwisho yaonekana, katikati kutu imekula. Mimi nasoma 1882, dada yangu ashikilia ni 1902. Ami yetu yuasema babu alisimulia ilitoka Witu kule bara, vita vya Wazungu. Sasa kuna bwana mmoja wa vitu vya kale yuko Malindi, nimemtumia picha, hakuuliza hata swali moja, akasema elfu sitini taslimu, aja kuichukua mwenyewe. Yafikia kiasi hicho? Ama yapita? Na nitajuaje si feki?

#2 KijanaWaLangoni
Dila, huyo mnunuzi wako, akitoa sitini kwa picha tu, wewe anza na laki tatu ushuke pole pole 😂

#3 MpendaKutu
Kabla ya bei. Hiyo kwa maelezo yako ni Martini-Henry, jeshi la Uingereza liliipokea mwaka 1871, risasi moja moja, wavuta mkono wa chini watia risasi juu warudisha. V.R. ni Victoria. Na hapo ndipo ugomvi wako na dada ulipo: Malkia Victoria alikufa Januari 1901. Baada yake ni Edward, chapa ikawa E.R. Kwa hiyo V.R. na 1902 haziendi pamoja. Ikiwa ni 1882 yawezekana ni ya kweli, ikiwa ni 1902 umeshika kazi ya mafundi wa milimani, mpaka wa Pakistan na Afghanistan, wale hunakili chapa bila kujua maana yake, utaona V.R. na mwaka 1919, utaona N imegeuka, utaona ENFIELD imekosa herufi.

#4 AskariMstaafu
Wacheni bei nyote. Kijana, (1) hiyo bunduki ina risasi ndani? (2) umeripoti? Uko Lamu, si Nakuru. Tangu mashambulizi ya Mpeketoni 2014 hakuna mtu wa usalama atakayekusikiza ukisema ni ya babu huku umeibeba kwenye boti ya Mokowe imefungwa gunia. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, isome. Nenda kituoni bila hiyo bunduki, eleza, waje wenyewe, chukua namba ya OB (kitabu cha matukio).

#5 MtotoWaMkomani
@AskariMstaafu nimekuelewa mzee wangu, ami yuasema hivyo hivyo. Ndani nimeangalia kwa tochi, haina kitu, nyuma hadi mbele pana mwanga. @MpendaKutu N haikugeuka. Herufi zote ziko.

#6 Takaungu_Halisi
Hapo kwa risasi nakazia. Kwetu kulikuwa na gobori la mzee limetundikwa ukutani tangu mimi sijazaliwa, watoto twalichezea, twaelekezana. Siku alipokuja fundi mmoja kulisafisha akatia mdeki (ule ufito wa kushindilia), mdeki ukagota njiani. Lilikuwa limeshindiliwa baruti na marisau miaka yote hiyo! Gobori halifunguki nyuma kama hiyo ya huyu kijana, huwezi kuona kwa macho. Pima mdeki kwa nje halafu kwa ndani, ukiona haufiki mwisho uondoke hapo.

Hilo letu lilikuwa na taji na neno TOWER, twajisifu mtaa mzima kwamba ni la jeshi la Malkia.

#7 MpendaKutu
@Takaungu_Halisi pole lakini TOWER hata Wabelgiji waliigonga. Mji wa Liège ulitengeneza magobori kwa malaki ya kuuza Afrika, na mnunuzi wa huku alikuwa ashazoea kuona taji na TOWER, asipoiona hanunui, basi wakamgongea. Tafuta kwenye mtutu chapa ndogo ya duara la yai lenye ELG na nyota. Ukiikuta ni ya Liège. Kama juu ya lile yai kuna taji dogo basi ilipimwa 1893 kuja mbele, kama hakuna ni kabla.

#8 Takaungu_Halisi
Sasa nikamwambie nani? Waliojisifu wote washakufa.

#9 NahodhaPwani
Vita vya Witu mnavitaja kama kwamba vilikuwa kimoja. Sikizeni. Witu ilikuwa chini ya Wajerumani tangu 1885, kisha mkataba wa tarehe 1 Julai 1890 wakawaachia Waingereza. Septemba mwaka huo wakauawa Wajerumani akina Küntzel pale Witu. Admirali Fremantle wa Uingereza akashuka na wanamaji, tarehe 27 Oktoba 1890 mji ukachomwa. Sultani Fumo Bakari akakimbilia msituni, hakumaliza miezi akafa. Halafu 1893 vita tena, sasa na Fumo Omari aliyeshika usultani, Pumwani na Jongeni huko huko Witu. Wanamaji wa 1890 walikuwa na Martini-Henry. Kwa hiyo hadithi ya babu yaingia.

#10 KijanaWaLangoni
Yaingiaje na walioshinda ni Wazungu? Mshindi ndiye anayeokota bunduki, si aliyechomewa mji. Babu aliipata kwa nani?

#11 NahodhaPwani
Vita msituni vina kupotea. Na si lazima iokotwe vitani, mapagazi, mabaharia, askari mwenye njaa, vyote hivyo vina bei.

#12 Msomi_wa_Ngomeni
Nyote mwasahau kwamba bunduki mwambao huu zilikuwa bidhaa kama nguo. Balozi wa Uingereza Zanzibar mwaka 1888 alikadiria zaingia kati ya 80,000 na 100,000 kwa mwaka. Kwa mwaka mmoja! Ndipo ukaja mkataba wa Brussels wa 1890, wakapiga marufuku bunduki nzuri kuingia Afrika kuanzia digrii 20 kaskazini hadi 22 kusini, magobori ya gumegume wakayaregezea masharti. Sasa mtu kuwa na Martini darini haihitaji Witu wala Fremantle. Babu aweza kuwa aliinunua dukani. Lakini "niliinunua dukani" hakuna babu atakayemsimulia mjukuu.

#13 BintiMalindi
😂😂 @Msomi_wa_Ngomeni umemvua babu wa watu nguo hadharani.

Mimi yangu fupi. Baba yake mama alikuwa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, tuna kitako tu cha bunduki ya Kitaliano, tuliambiwa ilichukuliwa kwa Wataliano walioipiga Malindi mabomu 1940. Nikampeleka picha Mtaliano mmoja hapa mjini, hawa wazee wao wajua. Akaniambia bila mtutu hawezi kusema kitu, kwa sababu mwaka wa Carcano, bunduki hiyo ya Kitaliano, hugongwa kwenye mtutu na pembeni mwaka wa Mussolini kwa namba za Kirumi, wahesabu kutoka Oktoba 1922. 1938 iwe na XVI, ama XVII ikiwa ya mwisho wa mwaka. Namba zikigongana tu, feki ama imebadilishwa vipande. Halafu akaniuliza kwani ndege za mabomu hubeba bunduki za kitako? Nikanyamaza.

#14 Tanga_Mjini
Wakuu habari. Naona hamjataja sumaku. Weka sumaku, ikishika ni chuma halisi, isiposhika feki.

#15 MpendaKutu
Mkuu hapana. Martini feki ya Pakistan nayo ni chuma, sumaku itashika vizuri kabisa. Sumaku yasaidia kwa zile za mapambo za kuyeyusha bati ama kwa shaba ya kupaka, basi. Angalia haya badala yake: chapa ya kugongwa kwa nyundo huzama ukingo ukainuka kidogo, ya kuchora kwa mkono huwa mistari yayumba. Skrubu za zamani zina mfereji mmoja mwembamba, ukikuta skrubu ya msalaba ujue kuna mtu kapita juzi. Ndani ya mtutu Martini-Henry ina mifereji saba yazunguka, feki nyingi mifereji ni hafifu ama hakuna kabisa. Tafuta mshale mdogo na W.D., hiyo ni mali ya wizara yao ya vita. Bunduki za kampuni za Birmingham zilizouzwa kwa watu binafsi ni za kweli lakini hazina huo mshale wala V.R.

Na USISUGUE. Msasa, majivu, ndimu, kokakola, hakuna. Kutu ya kahawia iliyotulia ndiyo ushahidi wako, mkusanyaji akiona chuma kinang'aa hushusha bei nusu nzima papo hapo.

#16 Mwana_Siyu
Mbao za kitako ni mti gani? Nauliza kwa sababu Siyu walikuwako mafundi wa chuma na ngozi na mbao ambao kazi yao ilijulikana mwambao mzima, na mji wenyewe haukumpa mkono mtu wa Oman mpaka 1863. Bunduki ikivunjika kitako haikutupwa.

#17 MtotoWaMkomani
@Mwana_Siyu mbele mbao ni ya kahawia iliyofifia, kitako ni cheusi zaidi, kizito, na kina misumari midogo ya shaba imepigwa mfano wa nyota. Fundi wetu alinusa akakwaruza kidogo kwa ukucha akasema mbambakofi. @MpendaKutu mifereji nimehesabu kwa tochi, mara saba mara sita, macho yamechoka. Mshale sijauona.

#18 Mwana_Siyu
Mbambakofi! Basi kitako kimetengenezwa huku. Wazungu walitumia mti wa jozi.

#19 Dila_Mkweli
Nimenunua na kuuza vitu vya kale muda mrefu, si bunduki, milango na viti vya enzi na masanduku, ila wateja ni wale wale. Kitako cha mbambakofi kwa mkusanyaji wa Uingereza ni kasoro, yeye ataka kila namba ifanane na kila kipande kitoke kiwandani. Kwa mkusanyaji wa vitu vya Afrika hiyo misumari ya shaba ndiyo mali yenyewe, atalipa kwa sababu yake. Bunduki moja, bei mbili, na dila wako wa Malindi ajua amuuzie nani. Ndiyo maana hakuuliza swali.

Pia jueni soko lilivyo. Mwaka 2003 ghala la silaha la Kathmandu liliuzwa kwa Wamarekani, Martini zikatoka kwa maelfu, tangu hapo Martini tupu bila historia si kitu adimu. Inayopanda ni yenye hadithi iliyoandikwa. Na hadithi ndiyo huigizwa kuliko chuma: watu hugonga namba ya kikosi cha 24 kilichouawa na Wazulu kule Isandlwana 1879, bei yapaa, kumbe chapa ni ya jana.

#20 KijanaWaLangoni
Kwa hiyo babu yake ni chapa ya jana 😂

#21 NahodhaPwani
Mchezee babu yako.

#22 Ustadh_Mitambo
Nina wazo la tatu kuhusu huo mwaka, mimi sioni haja ya kusema feki. Martini nyingi zilibadilishwa baadaye, wakatoa mtutu mpana wakatia mwembamba wa inchi .303, zikaitwa Martini-Enfield, na mwaka wa kubadilishwa ukagongwa. Basi V.R. ya kwanza ibaki na mwaka mwingine uje. Kijana fanya hivi, chukua penseli ya shule iingize mdomoni mwa mtutu. Ikiingia kwa kubanabana ni .303. Ikiingia ikicheza ni ile pana ya zamani, karibu milimita kumi na moja na nusu.

#23 MpendaKutu
Wazo zuri ila mwaka wa kubadilishwa uligongwa ubavu wa kushoto, wa kulia uliachwa ulivyo. Yeye asema kulia.

#24 MtotoWaMkomani
Penseli yacheza. Yacheza sana.

#25 Ustadh_Mitambo
Basi nimeondoka kwa heshima.

#26 Tanga_Mjini
Mimi nasema ni hiyo feki ya Afghanistan. Majahazi ya Ghuba yalikuja kila kaskazi, Maskati pale bunduki ziliuzwa kama tende, moja ikaja na nahodha ikaishia Lamu. Rahisi.

#27 Msomi_wa_Ngomeni
Maskati kweli lilikuwa soko kubwa la silaha kuanzia miaka ya 1890, lakini mkondo wake ulikuwa waenda huko, zatoka Ulaya zaingia Maskati zavuka hadi pwani ya Makran kwenda Afghanistan. Wewe wazirudisha nyuma. Nani abebe feki ya kijijini milimani aipeleke Maskati ambako za kweli zimejaa?

#28 Tanga_Mjini
Mkuu watu hubeba kila kitu. Baharia humjui.

#29 AskariMstaafu
Kurasa mbili sasa mwahesabu mifereji. Ameripoti ama hajaripoti?

#30 MtotoWaMkomani
Tumeripoti asubuhi, mimi na ami. Walikuja wawili nyumbani wakaiangalia, mmoja akapiga picha nayo 😅, wakaichukua, OB tunayo na karatasi ya kuipokea. Walituzungumzia vizuri. Wamesema watawasiliana na watu wa makumbusho pale ngomeni. Kwa hiyo maswali yaliyobaki nayajibu kwa picha za jana.

#31 AskariMstaafu
Hapo umelala usingizi. Hongera.

#32 Dila_Mkweli
Usingizi analala, pesa halali nazo. Kuna jambo hamjamwambia. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006 yahesabu kitu cha kale ni kile kilichotengenezwa ama kuingizwa Kenya kabla ya 1895, na kitu cha kale hakitoki nchini bila kibali. Sasa piga hesabu. Ukithibitisha ni ya Witu 1890, hongera, una kitu cha thamani na huwezi kumuuzia anayekipa thamani hiyo. Ukishindwa kuthibitisha yabaki silaha ya kawaida mbele ya Sura ya 114, na hapo ni shida zaidi.

Mteja wa Marekani naye ana mstari wake, kule bunduki iliyotengenezwa hadi mwisho wa 1898 wanaihesabu ya kale, yapita mkono kwa mkono bila makaratasi mengi. Ya 1902 haipiti hivyo. Ndiyo nasema ile namba iliyoliwa na kutu si ugomvi wa kaka na dada tu.

#33 BintiMalindi
Kwa hiyo dila wa Malindi angeitoaje?

#34 Dila_Mkweli
Dada, hilo mimi sijui na wewe hujui.

#35 Mwana_Siyu
Mimi naona mwafanya makosa kutafuta jibu moja. Chuma chaweza kuwa cha kweli 1882, mtutu wa pili, kitako cha hapa, misumari ya mtu wa tatu. Babu hakudanganya wala dila hakudanganya. Vitu vya huku ndivyo vilivyo, hata milango mnayoisifu mtalii akipita, fremu ya mzee mmoja, bawa la mwengine.

#36 MpendaKutu
Sawa, lakini hiyo kwa mnunuzi yaitwa bunduki ya vipande na bei yake iko chini, hata useme kwa ushairi.

#37 Mwana_Siyu
Bei ya nani? Ndio hayo sasa.

#38 MtotoWaMkomani
Dila kapiga simu. Nilipomwambia iko polisi alinyamaza kidogo, kisha akasema elfu tisini ikitoka, ila niitoe kabla watu wa makumbusho hawajaiandika.

#39 KijanaWaLangoni
Ushajibiwa. Anayejua ni feki hapandishi dau.

#40 Takaungu_Halisi
Hajajibiwa chochote. Dila huogopa makaratasi iwe ya kweli iwe feki. Labda ana mnunuzi asiyejua tofauti, na akiandikwa feki na makumbusho biashara imekufa.

#41 AskariMstaafu
Mwambie mtu huyo aje aichukue kituoni mwenyewe.

#42 MtotoWaMkomani
😂 Hebu ngojeni. Nimekuza picha ya ubavu wa kushoto, karibu na mtutu unapoingilia. Kuna mishale miwili midogo sana, imeelekeana ncha kwa ncha. @MpendaKutu hii nini?

#43 MpendaKutu
Mashaallah. Mshale mmoja ni mali ya serikali yao. Miwili ikielekeana ncha ni kwamba serikali imeiuza, imetoka jeshini kihalali. Mafundi wa milimani sijaona wakiigiza hiyo.

#44 NahodhaPwani
Ya kweli basi! Nilisema.

#45 Msomi_wa_Ngomeni
Ya kweli, ila imeuzwa. Mwanamaji wa Fremantle hashuki na bunduki iliyouzwa na serikali yake. Hapo Witu umeitoa mwenyewe.

#46 NahodhaPwani
Aliyeinunua aliipeleka wapi? Watu wa Fumo Bakari walipigana na nini, mikuki mitupu? Walinunua. Ilikuwako Witu, upande wa pili wa vita.

#47 Ustadh_Mitambo
Hii nimeipenda, nimerudi.

#48 Tanga_Mjini
Au iliuzwa Ulaya, ikaenda Maskati, ikapakiwa jahazini. Kama nilivyosema.

#49 KijanaWaLangoni
@Tanga_Mjini wewe ulisema Afghanistan.

#50 Tanga_Mjini
Maskati niliitaja. Soma #26.

#51 MtotoWaMkomani
Dada yangu kasoma uzi wote, asema bado yeye aona 1902.